Naombeni ushauri: viatu gani vya kushukia mto Salmon, Alaska?

Mpwa_wa_Mbali: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Anchorage mwaka wa tatu. Mwenzangu wa kazini kanialika Agosti tukashuke na mtumbwi wa kujaza upepo mto Salmon, ule wa Kobuk Valley, juu ya mstari wa Aktiki. Ni mto mdogo, kama kilomita 113. Unatoka milima ya Baird, unateremka kusini hadi mto Kobuk. Barabara hakuna, unapelekwa na kindege. Kuna mahali maji yanaishia kwenye kifundo, unashuka unaburuza mtumbwi juu ya kokoto. Nivae gumbuti au viatu vyepesi? Usingizi sipati.

Babu_Utete: Viatu ndiyo vinakunyima usingizi? Sisi tulivuka Rufiji kwa mtumbwi wenye tundu, mjomba kaziba kwa kipande cha kandambili. Nenda kijana.

MamaG: Dubu je? Mungu kakupa Ziwa Tanganyika, huko unatafuta nini?

Kidoti: Mleta mada, unaficha jambo. Mtakunywa maji gani?

Mpwa_wa_Mbali: Ya mtoni. Picha za zamani samaki unawahesabu chini kabisa. Ila tangu 2019 maji yamegeuka rangi ya chungwa. Jamaa anasema tutateka vijito vya pembeni, na chujio tunalo.

Nyundo7: Chai. Tena chai ya rangi! Mto hauna kiwanda wala mgodi, uote kutu?

Fundi_Maabara: Si chai. Nipo maabara ya mgodi Kanda ya Ziwa, maji ya hivyo nayajua: ukitoa jiwe limevaa utelezi kama ugoro uliolowa. Huko ardhi iliyoganda maelfu ya miaka inayeyuka, maji na hewa vinafika kwenye miamba yenye salfaidi (madini yenye salfa), inazaliwa asidi, asidi inang'oa chuma. Rangi ni kutu. Mimi naogopa metali nyingine, kadimiamu (ni sumu) na alumini, hizo zikiyeyuka majini huzioni. Kijito kinaweza kuwa cheupe pee na kisinyweke. Chujio lenu ni la vijidudu tu.

Nyundo7: Basi atume picha.

Mpwa_wa_Mbali: Nitatuma nikifika. Hela ya kindege nililipa Machi, hairudi. Na safari yenyewe ni siku tano tu, si nyingi jamani. Sasa, gumbuti au vyepesi?