Siku ya sita ya dawa ya sonona na usingizi umekata: nivumilie au niache?

Mwalimu wa Moro

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya miezi mitano ya kuamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala, daktari aliniambia kwamba nina sonona, akaniandikia fluoksetini ya miligramu 20, kapsuli moja kwa siku. Naimeza saa tatu usiku baada ya chakula, lakini ikifika saa nane niko macho nikihesabu mabati. Asubuhi uji haupiti kwa kichefuchefu, na jana mkono ulitetemeka ubaoni hadi herufi m ikawa na vilima vinne, wanafunzi wakacheka. Moyoni sijaona nafuu yoyote. Tena mgongo unaniuma, na kabatini zimebaki tramadoli alizopewa mume wangu alipovunjika mguu. Je, nivumilie au niache?

Mfamasia wa Zamu

Pole, mwalimu. Nianze na tramadoli, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi: usiimeze pamoja na fluoksetini bila daktari wako kujua, kwa kuwa zote mbili huongeza nguvu ya kemikali ya mwilini iitwayo serotonini, na ikizidi mno mtu hupata homa, jasho, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa, juu ya hapo, tramadoli yenyewe huweza kuleta degedege. Kwa mgongo, ulizia parasetamoli.

Fluoksetini huwachangamsha wengi, ndiyo maana kwa kawaida humezwa asubuhi. Mpigie aliyekuandikia umwombe akuhamishie saa. Kichefuchefu na kutetemeka mara nyingi hupungua ndani ya wiki moja au mbili, ilhali nafuu yenyewe huchukua wiki mbili hadi sita kuonekana; yaani usumbufu hutangulia na faida hufuata, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi pale dirishani. Lakini ukipata mawazo ya kujidhuru, ukishindwa kabisa kutulia, au ukichangamka kupita kiasi bila kulala wala kuhisi uchovu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Binti Pangani

Dada mwalimu, yangu ilikuwa amitriptilini, nayo ilinitenda kinyume chako: nilikuwa nalala kama gogo, midomo ikinata kana kwamba nimelamba gundi, na choo kikafunga siku nne. Usiku mmoja niliinuka ghafla kitandani, kizunguzungu kikanipeleka hadi kwenye mlango wa kabati. Tangu hapo nilikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndipo nikasimama, na papai na maji havikukosekana mezani. Nakueleza haya ili usije ukabadilishana dawa na mtu kwa kuwa tu zote zinaitwa za sonona.

Mzee wa Kigamboni

Binti yangu, nitalisema lile ambalo sisi watu wazima tunaliona haya. Dawa ya aina yako ilinipunguzia hamu ya tendo la ndoa, nikanyamaza, na mwezi wa tatu, nilipojiona mzima, nikaiacha bila kumwambia mtu. Haikupita miezi miwili nikarudi kitandani nikitazama ukuta. Niliporudi kliniki, daktari hakunigombeza. Alisema angeweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa iwapo ningesema mapema, na kwamba baada ya mtu kupona dawa huendelea kwa miezi kadhaa, kisha hupunguzwa taratibu. Mimi niliona haya kwa daktari kisha nikaja kuyasema hapa mbele ya watu wote.

Mwalimu wa Moro

Nawashukuru sana. Daktari amepokea simu, akasema usiku wa leo nisimeze, nianze kesho asubuhi baada ya chai, na nimwone Alhamisi. Tramadoli nimezitoa kabatini. Mama mkwe, ambaye anadhani nameza dawa ya presha, bado sijajua nimwambie nini.