Naomba ushauri: wazee bado wanashikilia limbo, niwaelezeje?

Tumsifu Yesu Kristo. Naandaa somo la jumuiya kuhusu watoto wachanga wanaofariki kabla ya ubatizo. Limbo, yaani hali ya watoto hao kukosa kumwona Mungu lakini bila mateso, haikuwahi kuwa dogma (fundisho rasmi la imani). Yalikuwa maelezo ya wanateolojia wa karne za kati, yaliyolainisha msimamo mkali wa Mtakatifu Augustino kwamba watoto hao wanahukumiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi. Katekisimu ya 1992, namba 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ikaona zipo sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Kutumaini, si kuwa na hakika: mwalimu akiteleza hapo, wazazi wataona ubatizo unaweza kusubiri. Tena Kanoni 1183 ya Sheria za Kanisa inampa askofu nafasi ya kuruhusu mazishi ya Kanisa, ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza mtoto. Je, nianze na kanoni hiyo au na Augustino, ili mama aliyefiwa asiumizwe upya?