Re: Cheti cha mtoto kimeandikwa Edwin badala ya Edward

Wadau, salaam. Dogo wetu tumemwandikisha juzi hapa Uingereza, nikasema Edward, ofisini wakaandika Edwin, nimerudi wanasema nilishasaini niandikie GRO, ile ofisi kuu ya vizazi na vifo. Mzee wangu kule Monduli alilitaka Edward kwa ajili ya Sokoine, yule Waziri Mkuu wetu, sasa namwambia nini? Swali langu, naweza kuomba paspoti ya mtoto wakati marekebisho bado? Tunataka Krismasi tuwe nyumbani.
Baba Edward, Reading

> Pole kaka. Achana na GRO, jaza Form 14, mradi jina jipya liwe limeanza kutumika ndani ya miezi 12 tangu kuandikishwa. Jina la kwanza halifutwi, jipya linaingia space 17, nafasi yake kwenye kumbukumbu hiyohiyo. Halafu Edwin nalo zuri jamani, yote mawili yanaanza na ead, Kiingereza cha kale, yaani mali au neema. Edward mlinzi wa mali, Edwin rafiki wa mali.
Mama Alvin

> Dada unampoteza mwenzio. Form 14 ni ya wanaobadili jina, hapa ofisi imekosea, hiyo ni correction, atafute karatasi yoyote ya wakati ule yenye Edward. Na afanye haraka, watu mnasubiri mpaka siku 42 za kuandikisha mtoto zinaisha ndo mnakuja kulia humu.
Mzee wa Leicester

> Mzee si ameshaandikisha, siku 42 zinaingiaje? Ila kwenye majina niseme kitu. William, Robert, Richard wanayoyaona ya Kiingereza kabisa yameletwa na Wanormani walioivamia Uingereza kutoka Ufaransa 1066, ya wenyeji yakazikwa karibu yote. Edward likapona kwa sababu ya yule mfalme mtakatifu aliyeitwa hivyo, baadaye mfalme Henry III akampa mwanae aliyezaliwa 1239. Alfred, Edwin, Wilfred yakaja kufufuka karne ya 19, na kipindi hichohicho wamisionari ndo wanaingia kwetu. Leo ita Wilfred mtaani kwangu hapa hageuki mtu, nenda Masasi au Muheza uite, wazee kibao wanaitika!
Binti Makonde, Leeds

> Wanaitika kwa sababu hawakuulizwa. Babu yangu kabatizwa Alfred, la Kiyao likabaki la kuitwa na mama yake tu, na mpaka kaburini kwake limeandikwa Alfred peke yake. Linaniuma mpaka leo. Mkoloni kaondoka 1961 na bado tunamtafutia mtoto jina kwenye vitabu vya wafalme wao.
Mjukuu

> Mjukuu, Sokoine aliitwa Edward Moringe, yote mawili, na Watanzania walimlilia 1984 bila kuuliza jina la nani. Kaka mpe mtoto yote mawili.
Mama Alvin

> Asanteni sana. Ila la paspoti je?
Baba Edward

> Monduli Desemba, nyama choma na upepo ule wa jioni! Mwaka wa ngapi sijaona nyumbani, UKVI, hawa watu wa viza, wamenikalia.
Mzee wa Leicester

> Na hizo siku 42 ni England na Wales. Huku Scotland ni 21, msiwapoteze watu.
Shangazi, Glasgow