Tupeane uzoefu: viumbe wa Curse of the Fly (1965) na namna ya kuwatengeneza kwa hela ndogo

Fundi Kivuli
Wakuu, uzi huu ni wa wapenzi wa sinema za kutisha za zamani, hasa wanaotaka kujaribu kwa mikono yao. Curse of the Fly ni ya tatu kwenye mfululizo wake. Ya kwanza, The Fly ya 1958, ilikuwa ya rangi. Return of the Fly ya 1959 na hii ya 1965 zikawa za nyeusi na nyeupe, upana wa CinemaScope (picha pana sana) tu ndio ukabaki. Hii ilitengenezwa studio za Shepperton, Uingereza, ikiongozwa na Don Sharp, na mtu mwenye kichwa cha nzi hayumo kabisa. Waliomo ni binadamu walioharibika. Mwanasayansi Henri Delambre na wanawe wanasafirisha miili kwa mashine kati ya Quebec na London, na walioharibikia njiani wamefungiwa kwenye mazizi, akiwemo Judith, mke wa kwanza wa Martin. Kitisho chote cha filamu kinatoka kwenye milango ile ya mazizi. Anayejua kitu akiweke na vipimo vyake.

Dada Mekapu
Naanza na uso. Tengeneza upande mmoja tu, ule mwingine uache mzima, maana mtazamaji anaogopa zaidi akimwona bado mtu aliyekuwepo kabla ya kuharibika.

Vifaa: lateksi ya maji (mpira wa majimaji), tishu ya kawaida uliyoitenganisha ibaki safu moja, sponji, poda na mafuta ya mgando. Saa 24 kabla, paka tone la lateksi sehemu ya ndani ya mkono wa muigizaji, kwa sababu wapo ambao miili yao inaikataa. Nyusi na nywele za pembeni zipake mafuta ya mgando, la sivyo utazing'oa wakati wa kubandua. Karibu na jicho usisogee.

Vuta ngozi ya shavu kwa vidole, paka lateksi, weka tishu, paka tena juu yake. Subiri weupe wa maziwa upotee, ndiyo dalili kwamba imekauka. Rudia safu 3 au 4, kisha achia ngozi: inarudi na mikunjo yenyewe. Pakaa poda kabla hujaigusa, maana lateksi kavu hujinatia. Tishu ichane kwa mkono. Ukingo wa mkasi unaonekana kama mstari hata gizani.

Kijana wa Seti
Da, mdomoni inachanika kila muigizaji akiongea. Dawa yake nini?

Dada Mekapu
Mdogo wangu, lateksi ikome kidole kimoja kabla ya kona ya mdomo. Hapo pembeni tumia jelatini: kijiko kikubwa kimoja cha jelatini, kimoja cha glisirini, kimoja cha maji. Yeyusha juu ya bakuli la maji moto, isichemke, kwa sababu ikichemka inajaa mapovu. Ijaribu kwenye kifundo cha mkono wako mwenyewe kwanza. Isipokuunguza ndipo umpake. Inanyumbuka vizuri mtu akiongea, ila inayeyuka kwa jasho na kwa joto la taa. Kwa joto letu la pwani, ipake mwisho kabisa, kamera ikiwa tayari.

Mzee wa Taa
Kuna jambo ambalo nyeusi na nyeupe inalifanya na rangi haiwezi. Kwenye hadithi hii Martin anazeeka haraka akikosa dawa yake ya sindano. Kuna njia ya kumzeesha mtu mbele ya kamera bila kukata picha. Mpiga picha Karl Struss aliitumia kwenye Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1931, na leo taa mbili zinatosha.

Chora makunyanzi kwa rangi nyekundu, mistari myembamba. Mulika kwa taa nyekundu tupu: wekundu wa mstari na ngozi vinarudisha mwanga karibu sawa, kwa hiyo mstari haupo. Sasa punguza nyekundu polepole huku mwenzako akipandisha ya kijani. Mstari mwekundu haurudishi kijani, unakuwa mweusi, na uso unazeeka huku unautazama. Kamera iwe kwenye nyeusi na nyeupe, mwanga na rangi vifungwe kwa mkono. Ukiacha otomatiki, kamera itarekebisha na kuua kazi yote. Taa ya kijani iwe na nguvu zaidi kwa sababu ngozi nayo inaimeza. Ukiona mistari inang'aa kwenye nyekundu, ni mafuta ya rangi. Ongeza poda.

Mkata Picha
Mtu kutoweka kwenye mashine: kamera kwenye stendi iliyofungwa, rekodi na mtu, atoke, rekodi tena bila mtu, kisha unganisha kwa kufifisha fremu 24, yaani sekunde moja. Kinachoharibu ni pazia kupeperuka na kivuli cha mtu ukutani, kwa hiyo msogeze mbali na ukuta na feni izimwe.

Fundi Kivuli
Nimalizie na Samuel na Dill, wale wasaidizi wawili waliorushwa pamoja wakafika London wakiwa donge moja. Ukitaka donge la namna hiyo, chukua sponji ya godoro, ichane vipande, ifunike kwa shuka uliyoipaka lateksi. Chini yake weka puto mbili, kila moja na mrija wa hewa wa tangi la samaki wenye urefu wa mita 1.5. Watu wawili wapulize, na wasipulize kwa pamoja. Zikipanda na kushuka kwa zamu, macho yanasoma pumzi za watu wawili ndani ya mwili mmoja.

Kwa unyevu tumia glisirini na maji. Mafuta ya kupikia au ya mgando hapa hayafai, yanalainisha mpira na puto inapasuka katikati ya picha. Taa iwe moja, itokee nyuma. Onyesha fremu 48, kata.