Matera kwa siku moja na mama mwenye maumivu ya magoti: tuchukue mwongoza watalii au tutembee wenyewe?

Msafiri wa Bologna:
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, anakuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi wa Mei, na tutakapokuwa Bari tungependa kutenga siku moja kwenda Matera, ule mji wa mapango wa mkoa wa Basilicata, kusini mwa Italia. Penye usawa mama hutembea bila shida, lakini ngazi humtesa magoti, hasa anapoteremka. Nimeona matembezi ya saa mbili yenye mwongozaji, nami najiuliza kama yana faida yoyote kuliko kutembea wenyewe kwa ramani ya simu. Naomba pia ushauri kuhusu njia itakayomfaa.

Mkaazi wa Puglia:
Karibu, ndugu. Mimi ningelipia, kwa sababu mambo makubwa ya Matera hayaonekani kwa macho matupu. Ukisimama kwenye ukingo utaona mitaa miwili ya kale, Sasso Barisano na Sasso Caveoso, nyumba zikiwa zimepandana hata paa la mmoja likawa njia ya mwenzake, na katikati yao kilima cha Civita chenye kanisa kuu la karne ya 13. Picha utapata, lakini hutajua kwamba chini ya nyayo zako mwamba umechimbwa mabirika ya kuhifadhi maji ya mvua, yaliyopakwa lipu isiyovuja. Kubwa kuliko yote, Palombaro Lungo, liko chini ya uwanja wa Piazza Vittorio Veneto na linakadiriwa kubeba lita milioni 5.

Halafu kuna habari ya watu wenyewe. Hadi katikati ya karne iliyopita familia zililala pango moja na nyumbu wa mizigo na kuku, huku malaria na trakoma, ugonjwa wa macho, zikiwaandama. Mwandishi Carlo Levi aliandika juu ya hali hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1945, wanasiasa wakaiita aibu ya taifa, na sheria ya mwaka 1952 ikaagiza wakazi wahamishwe. Watu wapatao 15,000 walipelekwa kwenye mitaa mipya, na mapango yakabaki matupu kwa miaka mingi. Mwongozaji ambaye wazee wake walihamishwa hukueleza na walichokipoteza: ule uwanja mdogo uliozungukwa na milango ya majirani, ambao wenyewe huuita *vicinato*, ambako kisima kilikuwa cha wote na mtoto alilelewa na kila mama.

Mjukuu wa Pate:
Ninaheshimu maoni ya mwenzangu, ila sikubaliani naye moja kwa moja. Mimi nilijiunga na kundi la watu wapatao 30, na mwongozaji alikwenda mbio huku akituonyesha mahali zilipopigwa filamu, akayataja yale mabirika kwa sentensi moja tu. Mwenye magoti mabovu angeachwa nyuma kwenye kona ya pili. Mwaka uliofuata nilirudi peke yangu, nikakata tiketi ya Palombaro Lungo na ya nyumba ya pango iliyoko Vico Solitario, ambayo imepangwa vyombo vyake vya zamani, nikaelewa zaidi.

Kuhusu magoti, mkiingia Sassi, yaani ile mitaa miwili ya kale, kwa ngazi kutoka uwanja mkuu, mama atateremka mno, na mawe yale yamesuguliwa na miaka hata yanateleza, hasa mvua ikinyesha. Kuna barabara ya magari, Via Madonna delle Virtù, inayofuata ukingo wa korongo la mto Gravina na kufika kanisa la San Pietro Caveoso bila ngazi nyingi. Msimpandishe kwenye kanisa la pangoni la Santa Maria de Idris, lililo juu ya jabali. Litazameni kutoka chini, mama akiwa amekaa.

Mkaazi wa Puglia:
Hapo umenena kweli. Kundi kubwa ni hasara. Tafuta mwongozaji mwenye leseni, maana sheria ya Italia inaidai, atakayewachukua ninyi wawili peke yenu, na umweleze habari za magoti kabla ya kumlipa. Akikataa kubadili njia, mwache. Na kabla ya kuchagua siku, angalieni ratiba ya ile treni ndogo inayotoka Bari, hasa ya Jumapili.

Msafiri wa Bologna:
Nawashukuruni sana. Nitaomba matembezi ya watu wawili, tuanze na birika, kisha tuteremke kwa gari hadi San Pietro Caveoso na kumalizia Vico Solitario. Nimemsomea mama majibu yenu kwa simu. Nilipofika kwenye kuku na nyumbu alicheka, kisha akauliza walikuwa wakipikia wapi.

Mjukuu wa Pate:
Mwambie kwamba mkate hawakuuoka nyumbani. Wanawake waliukanda, wakaupeleka kwenye tanuri la mtaa, na kila familia ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kuugonga unga uliokandwa ili mikate isichanganyike. Mihuri hiyo bado inachongwa na kuuzwa madukani. Mnunulie wenye herufi ya jina lake.