Mnara wa maji wa Volunteer Park, Seattle: mwenye magoti mabovu atapanda?

asha_k: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Shangazi yangu anakuja Seattle wiki ijayo, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Anataka kuuona mji kutoka juu. Nimepiga hesabu ya tiketi za Space Needle, ule mnara maarufu wa mji, kwa watu watano nikaishiwa maneno. Nasikia kwenye bustani ya Volunteer Park kuna mnara wa zamani wa maji na kupanda ni bure. Una lifti? Na huko juu kunaonekana kitu kweli, au miti tu?

tumbo_moto: Lifti hakuna. Ngazi 107, zote za kuzunguka. Pole kwa shangazi.

mpanda_ngazi: Marahaba Asha. Mimi huupanda karibu kila Jumapili, kwa hiyo nivumilie. Mnara ulijengwa 1906. Ndani ni tangi la chuma, nje limevikwa ukuta wa matofali, na ngazi zinapita katikati ya hivyo viwili. Unapanda tangi likiwa ubavuni pako, vichwa vya ribiti (misumari minene inayoshikanisha mabamba ya chuma) unavipapasa kwa mkono. Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko hata juu.

Juu usitegemee kibaraza cha wazi. Ni njia ya duara yenye madirisha ya tao, yote yana wavu. Ukitaka picha, bana kamera ya simu kwenye tundu la wavu, la sivyo utapiga picha ya waya. Magharibi utaona Space Needle na ghuba ya Elliott, mashariki Ziwa Washington. Mawingu yakikubali, Mlima Rainier nao unajitokeza. Miti imekula sehemu ya mandhari, hilo ni kweli.

Shangazi msimpandishe. Mwendo mfupi kutoka mnarani, humo humo bustanini, kuna Black Sun, duara la jiwe jeusi lenye tundu katikati, kazi ya mchongaji Isamu Noguchi ya 1969. Asimame nyuma yake achungulie: Space Needle inakaa ndani ya tundu. Ngazi hata moja hapandi.

tumbo_moto: Miaka sita naishi hapa, nilidhani lile ni tairi.

asha_k: Ahsanteni. Nimemsomea yote. Anasema atapanda ishirini tu, aguse hizo ribiti, ashuke.

mpanda_ngazi: Ishirini zinatosha. Mwambie avae viatu visivyoteleza, na akipanda wewe ukae nyuma yake, si mbele.