Naomba ushauri: kupima uchakavu wa kuba la zege la kituo cha nyuklia cha Koeberg

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandaa tasnifu ya uhandisi kuhusu kituo cha Koeberg, karibu na Cape Town, ambacho vinu vyake viwili vilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 1984 na 1985, na ambacho kinu chake cha kwanza kiliongezewa kibali cha miaka 20 mwaka 2024. Jenereta za mvuke, yaani mitambo inayotumia joto la kinu kugeuza maji kuwa mvuke, hazinipi shida, kwa kuwa hubadilishika na zimekwisha kubadilishwa. Kinachonisumbua ni sehemu zisizobadilishika: tangi la chuma nene linalobeba kiini cha kinu (sehemu yenye fueli), ambalo chembe za nyutroni zinazotoka humo hulifanya lizidi kuwa rahisi kupasuka, na kuba la zege linalofunika kinu, ambalo chumvi ya upepo wa bahari hupenya hadi kwenye nondo na kuzitia kutu. Chuma angalau kina vipande vya sampuli vilivyowekwa kinuni tangu mwanzo, vinavyotolewa kwa awamu na kuvunjwa maabara; zege, kwa maoni yangu, ndilo gumu zaidi.

Kwa mliokagua gati au madaraja ya pwani, ni vipimo vipi vya kina ambacho kloraidi (sehemu ya chumvi inayochochea kutu) imefika ndani ya zege na vya kasi ya kutu mnavyoviamini kwa makadirio ya miaka 20? Na je, kuzilinda nondo kwa mkondo wa umeme huizuia kutu iliyokwisha kuanza, au huichelewesha tu?